Ng'ombe wa Mbarali na simu ya laudi

Naanza na baridi kwa sababu bila baridi hii habari isingekuwepo.

Mtu wa Dar akija Mbeya mwezi wa sita ukimwambia abebe sweta zito anadhani unamtania. Mji wetu uko juu, kama mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti asubuhi unatoka nyumbani ukiongea mdomo unatoa moshi kama mvuta sigara. Sa ofisi yetu iko ghorofani, maeneo ya Mwanjelwa, chumba kimoja, watu sita, madirisha mawili. Miezi mingine madirisha yako wazi, kelele za bajaji na wauza mitumba zinaingia, harufu za humu ndani zinatoka, kila mtu anaishi na mwenzake vizuri tu. Ikifika Juni madirisha yanafungwa, na hapo ndo unajua unafanya kazi na akina nani. Kila kitu kinabaki humo humo, sauti, harufu, kikohozi, perfyumu, yaani mtu akimenya yai la kuchemsha kwenye kona ile we huku kona hii umeshakula nusu.

Na muda wenyewe si mdogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na sisi tunazimaliza zote mpaka dakika ya mwisho, kwa hiyo ukihesabu vizuri hawa watu watano nawaona macho makavu kuliko ninavyomuona mume wangu, ambaye yeye nikirudi ananikuta nimeshachoka namuitikia kwa kichwa.

Kazi yetu ni makaratasi ya malori. Mizigo inayotoka bandarini kwenda Zambia na Kongo kupitia Tunduma, sisi tunafuatilia nyaraka, madereva wamefika wapi, nani kakwama mzani, nani anasema gari imeharibika kumbe kalala Makambako. Kwa hiyo simu zinaita kutwa, hilo siwezi kulalamika, ndo ugali wetu. Ninacholalamikia mimi ni laudi.

Kuna mzee wetu, namwita Mzee tu kwa sababu ofisi nzima tunamwita hivyo, ana miaka hamsini na kitu, ndo anaongea na madereva. Mtu mwema kabisa, akitoka kwao Rungwe hachezi mbali na mkungu wa ndizi, atawagawia wote mpaka mlinzi. Ila simu yake hajawahi kuiweka sikioni. Kila simu laudi. Kila voisi ya WhatsApp laudi. Anaiweka mezani, anajiegemeza kwenye kiti, anafunga mikono, simu inaongea kama redio ya kijiji na yeye anaijibu kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Dereva akipiga yuko barabarani na injini inanguruma, sa hapo ofisini ni kama lori limepanda ngazi limeingia.

Ya madereva ningevumilia. Shida zilikuwa za nyumbani. Mzee alimwachia mdogo wake ng'ombe mmoja kule Mbarali amfugie, jike, zuri sijui la mbegu gani, na mwaka jana mwezi wa saba mdogo mtu akatuma voisi kwamba ng'ombe amekufa. Tukaisikia wote. Kagongwa na nyoka. Tukampa Mzee pole, tena pole ya kutoka moyoni. Baada ya siku tatu ikaja voisi nyingine, hii sasa inasema alikula mfuko wa nailoni ukamziba tumbo. Tukatazamana. Wiki iliyofuata ikaja ya tatu, radi. Radi! Mwezi wa saba, Mbarali, ambako hata wingu la kuazima halipo! Kijana wa kompyuta akainama chini ya meza akajifanya anatafuta waya kumbe anacheka mpaka machozi, na mimi nilikuwa najaza fomu ya mteja nikaandika namba ya kontena nimekosea tarakimu mbili, ikarudishwa kutoka mpakani, nikaandikiwa maelezo.

Yale maelezo ndo yalinichosha. Kuandika barua ya kujieleza kwa sababu ya ng'ombe wa mtu, jamani.

Sasa sikilizeni nilichofanya, msicheke. Nilifanya kitu ambacho nadhani wengi wetu tunafanya, nikatupa fumbo kwenye grupu la ofisi. Nikaandika kwa adabu zote, wapendwa tukumbuke ofisi ni ya wote, tujitahidi simu ziwe na sauti ya wastani ili wengine wafanye kazi, mbarikiwe. Nikaweka na mikono ya kuomba. Nikatulia nikasubiri dawa ifanye kazi.

Wa kwanza kujibu nani? Mzee. "Kweli kabisa mwanangu, watu wamezidi sasa." Na kidole gumba juu.

Wa pili hakujibu. Ni dada mmoja anayeshughulika na risiti, mpole, ukiongea naye lazima usogeze sikio. Jioni nikaona ananipita ngazini bila neno, kesho yake salamu ya kwenye pua, kesho kutwa hivyo hivyo. Siku ya nne nikamfuata nikamuuliza dada kuna nini, akaanza kulia. Kumbe wiki ile ile mama yake alikuwa amelazwa, kapigiwa simu mara moja pale ofisini, mara moja tu, akashtuka akaongea kwa sauti kidogo, na mimi hata sikumbuki kabisa kama niliisikia. Yeye akajua ule ujumbe ni wake. Siku nne anatembea na hilo jambo huku mama yuko wodini. Nilijisikia vibaya nakwambia, nikamshika mkono nikamuomba msamaha pale pale ngazini watu wanapita na mabeseni ya nyanya.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua. Ofisini naona ni kinyume, anayelifumbua ni yule asiye na kosa, kwa sababu yeye ndo mtu wa kujichunguza. Mwenye kosa anakugongea kidole gumba.

Kuna vijimambo vingine sivipi nafasi kubwa. Yupo anayeazima chaja asubuhi na kuirudisha ukimfuata parkingi. Yupo anayekuja kusimama nyuma yako anasoma kioo chako huku anapumua. Na michango, mwe! Sendofu ya mtoto wa shemeji wa bosi wa zamani, unaingizwa grupu usiku umelala unaamka umeshaandikiwa ahadi. Hayo nimeshayazoea kama mawe ya kwenye barabara ya mtaani kwetu, unajua liko wapi unalikwepa.

Ila kuna moja halikuwa la kuvumilia na hapo sikutumia fumbo. Tulikuwa na hita ya umeme moja, ikiwashwa pamoja na jagi la maji ya chai breka inakata, mtu ashuke chini gizani akaipandishe, na luku nayo inashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Basi mmoja wetu, nia nzuri kabisa, asubuhi moja ya baridi kali akaja na jiko la mkaa. Kaliwasha nje, likakolea vizuri likawa jekundu halina moshi, akaliingiza ndani, akafunga mlango na madirisha. Tukafurahi! Watu wakanyoosha mikono. Baada ya saa nzima hivi kichwa kikaanza kunigonga, dada wa risiti anasema anasikia kichefuchefu, kijana wa kompyuta anapiga miayo mfululizo. Mimi nina shangazi alishawahi kutolewa chumbani hajitambui kwa ajili ya jiko, kwa hiyo nikanyanyuka nikafungua madirisha yote mawili, nikalibeba lile jiko kwa vitambaa nikalitoa koridoni. Nikaambiwa nina roho mbaya. Nikasema sawa nina roho mbaya, ila ile kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, mkaa usiotoa moshi ndo unaokudanganya, unasikia usingizi mtamu na huamki. Wala sikusubiri kikao. Mchana nikamwambia bosi mbele ya wote kwamba kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na inamgusa yeye mwajiri kabla ya kumgusa mwenye jiko. Wiki hiyo hiyo akaleta fundi umeme, hita ikapewa laini yake.

Nimeisimulia hiyo kwa sababu baadaye nilijiuliza, mbona kwenye jiko nilinyooka na kwenye simu nikazunguka? Nikajipa jibu, la jiko ni la kufa. Lakini nikikaa vizuri najua si hilo tu. Mwenye jiko ni kijana mwenzangu. Mzee ni mzee. Mi nimelelewa kwetu Tukuyu, mkubwa unamsalimia umeinama, sa unaanzaje kumwambia baba wa watu punguza sauti?

Aliyenifundisha ni mama ntilie.

Tulikuwa na tatizo la karibu. Nyie wote mnajua ukifungua chakula mbele ya mtu lazima useme karibu, na mtu mwenye akili zake anajibu asante, nimetoka kula, hata kama tumbo linaunguruma. Mwenzetu mmoja yeye akisikia karibu anavuta kiti. Kila siku. Na kijiko anacho kwenye droo! Nilijaribu kuacha kusema karibu, nikashindwa, nilikula wali wangu kimya kimya kama mwizi nikaona kabisa mama yangu ananitazama kutoka ukutani. Nikajaribu kula mapema, akawahi. Basi tukapanga tuchange, elfu mbili mbili kwa siku, mama ntilie wa pale chini atuletee hotipoti, wali maharage, kesho ugali dagaa, Ijumaa ndizi, na tulipe kila Ijumaa. Tuna haki ya saa nzima ya mapumziko kisheria, tukasema tuitumie kama binadamu.

Wiki ya kwanza kijana wa kijiko akala, hakulipa. Sisi kimya, tukamfidia. Wiki ya pili akala, hakulipa, tukaanza vijembe. Ooh siku hizi chakula kimepanda. Ooh kuna watu wana bahati. Yeye anacheka na sisi! Jumatatu ya wiki ya tatu mama ntilie akapanda mwenyewe ngazi zote zile, akasimama mlangoni na hotipoti kiunoni, akamtazama, akasema, "We mwanangu unadaiwa elfu ishirini. Leo nimekuletea kwa sababu nimeshapika. Kesho siji na sahani yako mpaka niione." Akaweka chakula mezani, akatuambia ndaga, asante ya Kinyakyusa, akashuka.

Basi. Kijana akalipa saa nane mchana kwa simu. Hakununa, hakumchukia, mpaka leo anamwita mama na ndo anamsaidia kubeba hotipoti ngazini. Mimi nilikaa pale na kijiko changu nikawaza, huyu mama kasema maneno manne kamaliza na sisi tuna wiki mbili tunazungusha vijembe.

Nikaamua nitamwambia Mzee. Ila si mbele za watu, na si ndani ya chumba.

Huku kwetu saa nne asubuhi wakati wa baridi watu wanatoka kuota jua. Kibarazani pale juu kuna sehemu jua linapiga vizuri, Mzee anapenda kusimama hapo na kikombe cha chai, koti la kijeshi la mtumba, mgongo kwenye ukuta. Nikamfuata. Nikamsalimia tena upya ingawa tulishasalimiana, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, umeamkaje, nikaongea habari za baridi, nikaongea habari za dereva aliyekwama Igawa, nikaongea habari za viazi, moyo unanidunda kama nimeenda kuposa. Mwisho nikasema, mzee nina neno dogo na naomba usinichukulie vibaya, nakuambia kama mtoto wako.

Akasema sema.

Nikamwambia simu yako ikiwa laudi mi nashindwa kufanya kazi, nakosea namba, ile barua niliyoandikiwa siku ile ni sababu hiyo, na za nyumbani tunazisikia zote mzee, hata zile ambazo hazituhusu. Na ile niliyoandika kwenye grupu nilikuwa nakusema wewe, nikaogopa, nisamehe kwa hilo.

Akanyamaza. Akanywa chai. Nilijua nimeharibu. Halafu akatoa simu mfukoni akanipa, akasema weka sikioni. Nikaweka. Akapiga kwa simu yake nyingine ile ndogo ya tochi, nikapokea, akaongea pale mbele yangu. Sisikii kitu kwenye simu. Hata mkwaruzo.

Spika ya juu, ile ya kusikilizia, imekufa. Ilikufa mwaka juzi simu ilipodondoka kwenye maji shambani, na tangu siku hiyo asipoweka laudi hasikii lolote. Ila kuna kitu alikiongeza ambacho ndo kilinimaliza, kwamba na masikio yenyewe hayako kama zamani, kwa hiyo alijua ni yeye, si simu. Alidhani ameanza kuzeeka. Hakutaka mtu ajue. Mwaka mzima na zaidi anajificha na jambo ambalo fundi analimaliza dakika ishirini, na sisi tumekaa naye mita mbili tunarusha mafumbo.

Tukashuka mchana ule ule wakati wa mapumziko, Mwanjelwa mafundi simu wamejaa kama senene, tukampata kijana mmoja mwenye meza chini ya mwamvuli, akaifungua, akapiga brashi, akatoa spika akaweka nyingine, tukaambiwa elfu kumi na tano, Mzee akabishana mpaka elfu kumi na mbili. Akapiga simu kwa mke wake kujaribu. Akaweka sikioni. Akatabasamu akageukia ukutani akawa anaongea polepole kabisa, mimi nikajifanya naangalia mikoba.

Nisiwadanganye kwamba ofisi imekuwa kanisa. Voisi za madereva bado anaziweka laudi kwa mazoea, namwangalia tu anakumbuka, ooh samahani binti, anapunguza. Siku zingine nasahau kumwangalia. Sauti yake mwenyewe ndo ile ile ya ng'ambo ya mto, hiyo haina spea. Tulimuomba awe anatoka kibarazani kwa simu ndefu, anatoka, isipokuwa baridi ikizidi, na baridi ikizidi mi mwenyewe sina moyo wa kumtoa.

Ila kumetokea kitu hatukukitegemea. Wiki iliyopita, asubuhi, madirisha yamefungwa, kimya kizuri, mtu unasikia kibodi. Simu ya Mzee ikalia, voisi imeingia. Akaiweka sikioni, vizuri kabisa kama tulivyokubaliana. Akasikiliza. Tukaona nyusi zinapanda. Akasema "eh!" Akarudia tena kuisikiliza. Akasema "mwe!" Akaweka simu mezani, akavuta faili, akaendelea na manifesti yake.

Hakuna aliyeandika kitu tena. Kijana wa kompyuta ametoa miwani. Kijana wa kijiko ameshikilia kikombe hewani. Mimi nimekodoa macho kwenye fomu na sisomi hata herufi, na nani wa kuuliza, mimi niliyemfuata kibarazani nikamwambia mambo ya nyumbani hayatuhusu?

Aliyevunja ukimya ni dada wa risiti, kwa ile sauti yake ya kusogeza sikio.

"Mzee samahani. Ni mambo ya ng'ombe?"

Mzee akatutazama mmoja mmoja, wote, mpaka akafika kwangu. Akachukua simu, akaiweka mezani katikati, akabonyeza laudi.

"Kaka shikamoo. Yule ng'ombe ameonekana. Na ana ndama."